Chumvi Ndani ya Rili

Pepo za kusi zianzapo kuvuma, mashua nyingi zichukuazo wageni kuvua samaki huko Malindi, Watamu na Shimoni hupumzishwa hata bahari itulie tena. Wakati huo ndipo rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, huharibika zaidi, ingawa haifanyi kazi yo yote. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewa, nao unyevu huo huila madini polepole. Msimu ukirudi, sulisuli wa kwanza ashikapo ndoana na kukimbia, breki iliyoganda hukwama, ikaachia, ikakwama tena, na mshipi hukatika. Mgeni hukosa samaki, na baharia hukosa bakshishi, pengine hata mteja wa mwaka ujao.

Kinga yake huanza jioni ile ile ya kuvua. Breki hukazwa kwanza ili maji yasipenye baina ya visahani vyake, kisha rili hunyunyiziwa kidogo kidogo maji yasiyo na chumvi. Wako wanaoielekezea mpira wa maji yenye nguvu wakidhani ndio usafi. Kumbe maji hayo huisukuma chumvi ndani zaidi. Ikiisha kufutwa na kukauka kivulini, breki hulegezwa kabisa, kwa maana visahani vikibanwa muda mrefu hushikana.

Kuifungua yote ni kazi ya mara moja kwa mwaka, au zaidi kwa rili itumikayo kila siku. Fundi mwenye busara hutandika kitambaa cheupe na kupanga kila kipande kwa utaratibu kilivyotoka. Siku hizi wengine hupiga picha kwa simu kila hatua, na huo ni werevu, kwani springi ndogo ikirukia mchangani haionekani tena. Grisi kuukuu iliyogeuka nyeusi husuguliwa kwenye gia kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Petroli haifai, huwaka upesi, tena huweza kuharibu sehemu za plastiki.

Kosa la wengi ni kudhani kila kipande chataka mafuta tele. Meno ya gia hupakwa grisi isiyoondolewa upesi na maji ya bahari, na utando mwembamba hutosha. Beringi hutaka tone moja au mawili ya mafuta mepesi, mfano wa yale ya cherehani. Zikijazwa grisi nzito huzunguka kwa uvivu. Visahani vya breki havitiwi mafuta ya kawaida hata kidogo. Vingine vina grisi yake maalum, vingine hutakiwa vikavu, kama kijitabu cha mtengenezaji kielezavyo. Mtu aliyewahi kudondosha oili kwenye breki za baisikeli yake hahitaji kuelezwa sababu.

Rili ikiisha kufungwa, breki hukazwa nusu na mshipi huvutwa kwa mkono. Ukitoka sawasawa, rili iko tayari kuhifadhiwa baada ya breki kulegezwa. Ukitoka kwa kushtukashtuka, bisibisi hushikwa tena.