Barua kutoka Iowa kwa Jamaa Wanaotaka Kupasuliwa Tumbo

Kwa ndugu, jamaa na masahibu zangu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam,

Kazi yangu ni ile ile ya ukalimani wa hospitali, yaani kukaa baina ya tabibu wa Kimarekani na mgonjwa asemaye Kiswahili, aghalabu mzawa wa Kongo, kwani Wakongo ni wengi katika mji huu wa Iowa City na vitongoji vyake. Siku za karibuni nimepokea kutoka kwenu maswali mengi mintarafu ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene: wengine mwauliza gharama zake Uhindi na Uturuki, wengine mwauliza hatari zake, na mmoja, ambaye ni damu yangu, ameuliza kama ni kweli kuwa mafuta huchotwa yakatupwa na mtu akarudi kwake mwembamba. Kwa kuwa waulizaji ni wengi na majibu ni yale yale, nimeona ni heri niwaandikie nyote waraka mmoja.

Hakuna mafuta yanayochotwa. Katika upasuaji nitakaoueleza hapa, mpasuaji hutoboa matundu madogo kadhaa tumboni, akapitisha humo kamera na vyombo vyembamba, kisha juu kabisa ya mfuko wa tumbo, pale chakula kinapoingilia kutoka kooni, hutenga kijifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisichofika hata kikombe cha kahawa ya barazani, ilhali tumbo zima la mtu mzima huweza kupokea lita moja na zaidi. Baada ya hapo huukata utumbo mwembamba mahali palipo chini kidogo ya chanzo chake. Ncha ya upande wa chini huipandisha akaishona kwenye kijifuko, na ncha ya upande wa juu, unaoteremsha nyongo na maji ya kongosho, huishona ubavuni mwa utumbo ule ule kiasi cha mita moja mbele, hata njia mbili zikakutana na kuwa moja kwa umbo la herufi Y. Basi chakula hakipiti tena katika tumbo kubwa wala katika sehemu ya kwanza ya utumbo, na hakikutani na nyongo mpaka kimekwisha kwenda mbali.

Tabibu mmoja ana desturi ya kuyachora haya kwa kalamu ya wino juu ya ile karatasi nyeupe inayotandikwa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Siku moja mama mmoja wa Kivu, aliyekuwa ametulia kimya muda wote wa maelezo, aliweka kidole juu ya lile tumbo kubwa lililoachwa pembeni ya mchoro, akasema: «Dokta, na hii tumbo yenye inabaki, haitaoza?» Jibu ni kwamba halitaoza, maadamu mishipa yake ya damu imeachwa salama; hubaki mahali pake siku zote, likitoa maji yake kama zamani, nayo huteremka kwa njia ya zamani. Sijapata kufasiri swali lililo bora kuliko hilo, kwa maana wengi hutia sahihi ya idhini bila ya kujua kuwa katika upasuaji huu tumbo haliondolewi. Upo upasuaji mwingine ambao sehemu kubwa ya tumbo hukatwa ikatolewa nje, na lipo puto, ambalo habari zake zimeenea sana Dar es Salaam, linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Hayo ni mambo mbalimbali, na mtu asiyatie katika chungu kimoja.

Upasuaji huu wa kijifuko ulizaliwa katika mji huu ninamowaandikia. Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, alikuwa ametambua kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda vya tumbo hukonda na hawanenepi tena kwa urahisi, na mwaka 1966 yeye na mwenziwe Chikashi Ito wakaifanya kwa kusudi dawa ile iliyokuwa hapo kwanza ni taabu ya wengine. Mshono wa herufi Y si wao. Asili yake ni César Roux wa Lausanne, Uswisi, aliyewatangulia kwa miongo mingi, na wapasuaji waliokuja baadaye ndio walioyaunganisha mawili hayo. Taarifa ya kwanza ya njia ya matundu madogo ilitoka mwaka 1994.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa siri yote imo katika udogo wa kijifuko na ufupi wa njia: mtu hula kidogo, na kile kidogo hakinyonywi chote. Dhana hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mtu anenepaye akijinyima chakula kwa nguvu zake mwenyewe, mwili wake huona kuwa njaa imeingia nchini. Humzidishia hamu ya kula, hupunguza matumizi yake ya nguvu, na aghalabu humrudisha pale pale alipoanzia, kisha jirani akasema kuwa hana azma. Baada ya upasuaji huu chakula hufika mapema katika sehemu za chini za utumbo, nazo humwaga katika damu homoni za shibe kwa wingi usiokuwapo hapo awali, mojawapo ikiitwa GLP-1, ambayo ndiyo inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito zilizotapakaa duniani siku hizi. Mgonjwa hazuii njaa kwa mabavu. Njaa yenyewe imepungua. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitangaza jambo lililowastaajabisha matabibu wengi, kwamba sukari ya wagonjwa wa kisukari hutengemaa katika siku chache tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua sana. Ndiyo sababu mwenye kutumia insulini au dawa za presha hana budi kupunguziwa dawa mara moja chini ya macho ya daktari, la sivyo sukari au presha itashuka ikamwangusha. Nayaeleza haya kwa tafsili kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima na heshima zao wakiitwa wavivu.

Nani anastahili? Matabibu hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake kwa mita, uliozidishwa kwa wenyewe. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1991 ilitaka hesabu hiyo ifike 40, au 35 pamoja na maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii viliishusha hata 35 bila ya sharti la maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari na mfano wake. Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 hufika 35 akiwa na kilo 90 kasoro kidogo. Anayetaka kupunguza tumbo kwa ajili ya gauni la harusi hahusiki na barua hii. Naye astahiliye, katika mwaka mmoja au miwili hupoteza robo ya uzito wake wote, na pengine zaidi, ingawa wapo ambao baadaye hurudisha sehemu yake.

Sasa nawasihi mnisikilize, kwa maana yaliyotangulia mngeweza kuyasikia popote. Upasuaji ni wa saa chache, lakini uangalizi wake ni wa umri mzima. Ile sehemu ya utumbo iliyorukwa ndiyo iliyokuwa ikinyonya madini ya chuma na chokaa, na vitamini B12 haipatikani tena vema kwa chakula kitupu. Hivyo vidonge vyake vya kila siku, au sindano za mara kwa mara, ni faradhi mpaka kufa, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Upungufu wa B12 huja polepole, hata baada ya miaka, ukianza kwa ganzi ya miguu wakati mtu amekwisha kusahau kuwa alipasuliwa. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo kwetu hununuliwa dukani bila ya kuulizwa neno, huweza kuleta vidonda pale penye mshono, na sigara vivyo hivyo. Halua, kaimati na chai iliyokolea sukari huweza kumwendesha mtu moyo mbio, jasho likamtoka na tumbo likamwenda. Mwanamke husubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Vifo ni vichache katika hospitali zenye mazoea, mtu mmoja hadi watatu katika kila 1,000 kwa mwezi wa kwanza, lakini mshono huweza kuvuja, na damu huweza kuganda miguuni ikaenda mapafuni, jambo ambalo abiria wa ndege ya mbali alitie akilini sana.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla ya kutuma amana ya fedha Uhindi, Uturuki au penginepo, tafuteni kwanza huko nyumbani daktari atakayekubali kwa kinywa chake kuwaangalia baadaye, na maabara itakayopima vitamini hizo. Asipopatikana, msiende. Na mkienda, msitoke hospitali bila ya maandishi ya yale yaliyofanywa.

Nanyi mlio jamaa wa mgonjwa, msimshike mkono kwenye karamu mkimwapia ale tonge la mwisho la pilau, kwani lile tonge litamtapisha. Wala msinong'one kuwa amekonda kwa maradhi ya aibu. Ramadhani ikiingia, mwacheni ashauriane na daktari na sheikh wake, maana kunywa maji ya kutosha kwa mafunda madogo madogo baina ya futari na daku ni kazi nzito kwake, na rukhsa ya mgonjwa ni rukhsa aliyopewa na Mola wake.

Na mtu aliyepasuliwa hivi, hata kama ni miaka kumi iliyopita, akishikwa na maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, huenda utumbo umejipenyeza na kujisokota ndani. Msimpe dawa ya gesi, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba mtu huyu njia yake ya chakula ilikwisha kugeuzwa.

Wasalaam,
Ndugu yenu aliye ghaibu,
Iowa City