Kadi ya Visa yafika Dzaleka, lakini fedha inaingia kwa jina la nani?

SI ajabu siku hizi kumkuta mshona vitenge au mchongaji wa Dzaleka, pale wilayani Dowa, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe, akiwa na simu iliyojaa picha za bidhaa zake na tovuti ndogo aliyotengenezewa na kijana wa jirani. Wateja anao. Wengine ni ndugu waliokwishapelekwa Marekani, Canada au Australia, wengine ni wageni waliofika kambini wakati wa tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika hapo tangu 2014. Kinachokosekana ni mahali pa mteja huyo kuandika namba ya kadi yake na kulipa.

Wanaoulizwa jambo hili huanza kuzungumzia kompyuta. Mwandishi wa makala haya anaona wanaanzia pabaya. Upande wa kompyuta ndio mwepesi kuliko yote. Kinachomkwamisha mtu wa Dzaleka, na kinachomuumiza zaidi siku anaporejea kwao Uvira, Bujumbura au kwingineko, ni jina lililoandikwa juu ya akaunti inayopokea fedha.

Tueleze kwanza mambo yanavyokwenda. Mteja aliyeko Ulaya anapobonyeza kulipa, tovuti ya fundi haipaswi kabisa kuona namba ya kadi. Inampeleka mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na huko ndiko anakoandika namba zake. Kampuni hiyo inauliza mtandao wa Visa au Mastercard, nao unaiuliza benki iliyotoa kadi. Benki mara nyingi humtumia mteja namba ya siri kwenye simu ili kuhakikisha ni yeye. Ikikubali, jibu linarudi kwa sekunde chache, lakini fedha yenyewe huja baadaye, baada ya siku kadhaa, ikiwa imekatwa kamisheni. Kwa hiyo yeyote anayekuambia uhifadhi namba za kadi za wateja kwenye daftari au kwenye kompyuta yako anakutafutia balaa, maana zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hairuhusiwi kuzihifadhi hata kwa makampuni makubwa.

Malawi haina uhaba mkubwa wa milango hiyo. DPO, kampuni iliyoanzia Kenya, inafanya kazi huko, na zipo za wenyeji kama PayChangu, ambayo inaunganisha tovuti na kadi pamoja na Airtel Money na Mpamba ya TNM. Stripe, ambayo vijana wengi huisoma kwenye maelekezo ya Kimarekani, haifungui akaunti kwa kampuni iliyosajiliwa Malawi. Kuna pia wanaochanganya mambo mawili. Kadi ya Visa isiyo ya plastiki, kama ile ya M-Pesa iliyozinduliwa Kenya Juni 2022, ni ya kulipia. Haipokei malipo ya wateja wako.

Sasa fungua fomu ya kampuni yoyote kati ya hizo. Itakuuliza cheti cha usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, kitambulisho cha mwenye biashara, anwani ya biashara na akaunti ya benki yenye jina lilelile. Kwa Mmalawi mwenye duka Area 25 hayo ni usumbufu wa wiki moja au mbili. Kwa mkimbizi, kila mstari ni ukuta.

Ukuta huo una historia. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vinavyohusu ajira na uhuru wa kutembea, ikasema itavichukua kama mapendekezo tu. Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda kabla ya kugeuzwa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 na sasa imebeba zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kwa miaka mingi serikali ilifumba macho, watu wakafungua maduka Lilongwe na hata vijijini. Machi 2023 amri ikatoka kwamba wote warudi kambini. Mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya, wengine wakapitishia gereza la Maula, maduka yakafungwa. Mtu aliyekuwa na anwani ya biashara mjini jioni, asubuhi hakuwa nayo.

Ni baada ya pigo hilo ndipo tovuti ilipoanza kuonekana kama dawa. Duka lisilo na mlango polisi hawawezi kulifunga, wengi waliwaza. Kwa bahati mbaya benki huuliza anwani hata ya duka lisilo na mlango.

Akaunti ya kawaida si jambo lisilowezekana. Benki ya MyBucks, ambayo baadaye ilichukuliwa na Centenary ya Uganda, ilikwishafungua tawi ndani ya kambi kwa ajili ya kuhudumia wakimbizi. Lakini kuwa na akaunti ya kuweka akiba ni jambo moja, na kukubaliwa kama mfanyabiashara anayepokea kadi kutoka nje ni jingine, kwa sababu katika hilo la pili kampuni ya malipo inabeba hatari pamoja nawe.

Kwa hiyo watu wanaazima jina. Wengine humwendea rafiki Mmalawi mwenye cheti, wengine humwomba shemeji aliyeko Texas afungue akaunti ya huko. Tusidanganyane, mpango huu umelisha familia nyingi, na si kila anayeazimisha jina ni mwizi. Lakini mbele ya benki, fedha yote ni ya mwenye jina. Akifariki, warithi wake hawakujui. Akidaiwa kodi, mauzo yako yamo kwenye hesabu zake, kwa hiyo naye ana haki ya kulalamika. Na kampuni ya malipo ikigundua kwamba anayeuza si yule aliyejisajili, inaweza kuifunga akaunti na kuzuia kilichomo.

Waliorejea nyumbani ndio wanaolijua hili vizuri kuliko wengine. Mtu anapanda basi kuelekea Karonga na mpaka wa Songwe akiamini kwamba rafiki atamtumia salio. Wiki mbili simu inapokelewa, ya tatu haipokelewi. Laini yake ya Malawi isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba za siri zilizokuwa zikija kwenye laini ile hazimfikii tena. Juu ya hayo, mwenye kadi ana haki ya kwenda benki yake kudai arudishiwe fedha kwa madai kwamba mzigo haukufika au hakununua yeye, na katika makosa mengi muda wa kudai ni hadi siku 120. Begi uliloliuza mwezi Machi linaweza kudaiwa mwezi Juni, wewe ukiwa Fizi, na asiyejibu kwa risiti ya posta huhesabiwa ameshindwa. Anayejiandaa kuondoka ni heri aache kuuza kwa kadi miezi minne kabla, atoe salio lote akiwa bado Lilongwe, aandikiane na mwenye jina kwa maandishi mbele ya shahidi, na risiti za posta aende nazo.

Lipo na suala la kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya sarafu hiyo kwa asilimia 44, dola ikatoka karibu 1,180 hadi 1,700. Baada ya hapo bei rasmi haikusogea sana, ilhali mtaani katika mwaka 2025 dola ilivuka 4,000. Chukua begi la kitenge la dola 40, na tuseme makato ni asilimia 4. Zinabaki dola 38.40. Zikipita benki kwa bei rasmi ya 1,735 ni kama kwacha 66,600. Kwa bei ya mtaani ya 4,000 ni 153,600. Nyuzi na zipu anazonunua fundi zimepandishwa bei na mwagizaji aliyetafuta dola mtaani. Yeye anauza kwa bei ya benki na kununua kwa bei ya mtaani. Akaunti ya dola ingempunguzia machungu, lakini nayo ina masharti yake, na kubadilisha fedha uchochoroni ni kosa kisheria. Ndiyo maana shemeji wa Texas anapendwa, hata na watu ambao makaratasi yao yametimia.

Wafanyabiashara wa Kasumulu na Tunduma wanaweza kudhani kwamba haya ni ya wakimbizi peke yao. Hapana. Uhaba huohuo wa dola ulizifanya benki za Malawi zipunguze viwango ambavyo mteja anaweza kulipia kwa kadi nje ya nchi. Mtu wa Mbeya anayeweka lango la kadi kwenye tovuti yake akitegemea wanunuzi wa Lilongwe atashangaa kuona malipo yanakataliwa moja baada ya jingine, na atamlaumu fundi wa tovuti bure. Kadi itamfaa kwa mteja wa Dar es Salaam, Nairobi au London. Kwa mteja wa Lilongwe bado ni kwacha taslimu au simu, kupitia mwenzake wa upande wa pili wa mto Songwe, na bei ya siku hiyo.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na watu wa Dzaleka waliokwishapitia usaili na vipimo wakabaki na mabegi yamefungwa. Wengine wao walikwishauza cherehani. Hao sasa wanatafuta cherehani nyingine, na jina la kuandika kwenye fomu ya malipo ni lilelile ambalo fomu hiyo hailikubali.