Saa Sahihi Huonyesha Ugonjwa Ulipo

Ndugu msomaji, tuseme usiku mtu amepiga yowe njiani, kati ya nyumba yako na ya jirani. Aliyelisikia kwanza ndiye aliye karibu naye. Mkilinganisha saa zenu, mtajua mtu yule alisimama wapi. Lakini saa zisipokwenda sawa, mtamtafuta mahali asipokuwapo.

Ndivyo madaktari watafutavyo kansa kwa chombo kiitwacho PET. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa chembe zitoazo miali. Aina nyingi za kansa hula sukari kwa pupa, basi dawa hukusanyika kwenye uvimbe. Hapo hutoka miali miwili miwili, mmoja huku, mwenzake upande wa pili, kwa mwendo wa nuru.

Mgonjwa amezungukwa na pete ya fuwele. Mwali ukigonga fuwele, nuru kidogo humulika. Nyuma yake kuna kipande cha silikoni chenye maelfu ya vijumba. Punje moja tu ya nuru ikiingia kijumbani, huamsha elektroni moja. Hiyo huamsha nyingine, nazo nyingine, mpaka umeme watosha kuandika saa.

Gawanya sekunde moja mara milioni milioni: kila sehemu ni pikosekunde. Vyombo vizuri vya siku hizi hukosea pikosekunde kama 200. Mimi karani nikikosea dakika tano daftarini, hakuna anayeumia. Lakini kosa hilo dogo la PET ni sawa na sentimita 3 mwilini! Kwa hiyo chombo hulazimika kukusanya miali mingi sana na kupiga hesabu ndefu kabla picha haijatulia.

Kosa latoka wapi? Elektroni iliyozaliwa pembeni mwa kijumba huchelewa kufika. Fuwele nayo haitoi nuru yote mara moja. Basi wahandisi wanatengeneza vijumba vivutavyo elektroni upesi kutoka kila upande, na fuwele zenye haraka zaidi. Shabaha yao ni pikosekunde 10, yaani milimita moja na nusu tu. Wakifika hapo, dawa kidogo itatosha, na mgonjwa hatalala chomboni muda mrefu.

Hata hivyo, msomaji, hakuna saa iwezayo kumpima aliyejificha nyumbani. Ukiona uvimbe usiokwisha, nenda hospitali mapema.