Siagi Iliyoibiwa

Ni rahisi kuwacheka wanavijiji wa Ayalandi ya zamani. Asubuhi ya tarehe 1 Mei, mwenye nyumba hakumpa jirani kaa la moto wala maziwa, akihofia kwamba baraka ya siagi ya mwaka mzima ingetoka navyo mlangoni. Na aliyebisha hodi maziwa yakisukwa, ilimpasa aushike mchi wa pipa na kusuka kidogo kabla ya kuaga. Akikataa, alishukiwa kuwa ndiye mwizi wa siagi.

Ila siagi hiyo haikuwa ya kupaka mkate tu. Kwa familia nyingi ndiyo iliyolipa kodi ya shamba, na aliyeshindwa kulipa angeweza kufukuzwa. Joto likizidi au kupungua, chombo kikiwa kichafu, ng'ombe akiugua, siagi ilikataa kutoka. Nani angewaeleza sababu? Wakamtazama jirani.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu kati ya 1937 na 1939 Tume ya Masimulizi ya Ayalandi iliwatuma watoto wa shule za msingi kwa babu na bibi zao, madaftari mkononi. Shule zipatazo 5,000 zilishiriki. Ulikuwa uamuzi wa busara: mzee humwambia mjukuu mambo ambayo mtafiti kutoka mjini hayapati.

Kinachoniudhi ni jinsi urithi huu unavyopambwa siku hizi. Kila mtu anapenda kisa cha mti wa miiba wa Latoon, katika kaunti ya Clare, ambao msimulizi Eddie Lenihan aliupigania mwaka 1999 usikatwe kupisha barabara, kwa kuwa ni mti wa viumbe wasioonekana. Mti ukaachwa. Cha Bridget Cleary hakina wapenzi wengi. Mwaka 1895, huko Ballyvadlea, Tipperary, mumewe alishikilia kwamba mgonjwa aliyekuwa kitandani si mkewe, bali kiumbe aliyeachwa na hao hao baada ya kumchukua mkewe halisi. Akamchoma moto, ndugu wakiwa mle mle nyumbani. Alifungwa miaka 15.

Imani ni moja. Anayeisifu kwa kuuokoa mti hana budi kuihesabia na maiti ya Ballyvadlea. Kwa hiyo katika toleo hili makala ya kesi ya Cleary imetangulia ile ya Latoon, nasi tunamwomba msomaji azisome kwa mpangilio huo.