Usiniletee vipimo vya kambare mchanga

Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu hapa Kamachumu. Riziki yangu iko kwenye madirisha na makabati ya maduka, ila siku hizi oda za matanki ya samaki zimeongezeka. Mtu keshaezeka, keshaweka tailizi, televisheni iko ukutani, sasa anataka na samaki sebuleni. Sina neno, hela ni hela. Tunagombana pale mteja anapofika na kambare wa urefu wa kidole kwenye kindoo, akaniambia: "Fundi, waitu, nitengenezee la futi 2 tu, huyu mdogo."

Mdogo leo. Wenye mabwawa humpeleka kambare mumi sokoni akiwa na miezi 6 hadi 9, na hapo keshafika nusu kilo au keshapita. Ziwani na mitoni anaweza kuvuka mita 1. Futi 2 ni sentimita 60. Kambare mwenye nusu ya urefu huo tayari anageuka kwa shida, pua inachubuka kwa kugonga kioo, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini samaki amenuna.

Kwa hiyo siku hizi napima kwa samaki mzima, na asiyetaka aende kwa fundi mwingine. Nusu ya wateja huuliza urefu tu, wakati kinachomwezesha samaki kugeuka ni upana. Kwa kambare sishuki chini ya mita 1.5 kwa sentimita 60, kimo sentimita 60. Piga hesabu: lita 540, yaani zaidi ya nusu tani, kioo chenyewe hakijahesabiwa. Hapo natumia kioo cha milimita 12, naweka mikanda ya kioo juu ili kuta zisitanuke, na silikoni naiacha ikauke vizuri kabla tone la maji halijaingia.

Halafu nauliza litakaa wapi. Sisi wa Kagera hatuhitaji kukumbushwa tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Wengi walipoteza nyumba siku ile, wengine walipoteza ndugu. Baada ya hayo mtu ananiambia nusu tani ya maji ikae juu ya kabati la mbao, karibu na kochi wanapolala watoto mchana! Tanki la kambare likae chini, juu ya msingi mfupi wa tofali.

Mfuniko ndio unaowauma, kwa sababu wanaona nawaongezea bei. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa hii hii tunayovuta sisi, na usiku wa mvua hutoka majini na kujikokota kutafuta maji mengine. Hapa kwetu mvua haina uhaba. Mteja wangu mmoja aligoma kulipia mfuniko. Alfajiri mkewe akakuta utelezi umepita kwenye tailizi kutoka sebuleni hadi mlango wa nyuma, na mwisho wa utelezi kuna kambare kati ya gumbuti, mzima, kapakaa vumbi hadi ndevu zote 8. Mfuniko niliutengeneza wiki hiyo hiyo, wenye uzito na matundu.

Pamoja na hayo yote, anayeniuliza samaki gani afuge humtajia kambare kabla ya wale wekundu wa mapambo kutoka Dar es Salaam. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ikazima, wale wekundu huanza kuhema juu ya maji. Kambare anapanda, anameza hewa, anarudi zake chini. Chakula chake kiko shambani: minyoo chini ya matandazo ya migomba, na dagaa. Akishakua si lazima ale kila siku. Mabaki yatolewe na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki, maana kambare anachafua kweli kweli. Na akae peke yake. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni kitoweo, na kazi hiyo huifanya usiku, wewe umelala. Mwenye nafasi ndogo atafute gogogo wadogo wasiozidi shubiri, ila awashike kwa uangalifu, ile miiba haina mzaha.

Linalonikera kuliko yote ni watu wanaochoka na samaki wakammwaga mtoni au ziwani, eti wanamhurumia. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Kambare wetu huyu huyu, alipopelekwa India, alikula samaki wa wenyeji hadi serikali ikapiga marufuku kumfuga. Samaki wa dukani au wa kutotoleshwa anaweza kubeba magonjwa yasiyokuwapo katika mto Ngono wala ziwani.

Kambare akikushinda, mpe mwenye bwawa. Au, kama si mwiko wa ukoo wenu, ita majirani mmle na ndizi. Na kabla hujanifuata na kindoo, pima ukuta wako kwanza. Kama hauna mita 1.5 iliyo wazi, nunua picha ya samaki, fremu nitakutengenezea.