Petroli ya bodaboda: Hasara isiyoandikwa kwenye mkataba

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda kuanzia Bunju hadi Chamazi huwa na mjadala mmoja tu: imepanda au imeshuka. Mjadala huo una haki yake. Agosti 2022 lita moja ya petroli jijini Dar es Salaam ilifikia Sh. 3,410, na wapo madereva waliopaki kabisa siku hizo. Hata hivyo, bei ya lita ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni kilomita ambazo lita hiyo inatoa, na hapo ndipo wawekezaji wadogo wa Kinondoni na Temeke wanapopoteza fedha bila kushtuka, kwa kuwa wengi wao wanaamini kwamba petroli ni mzigo wa dereva.

Imani hiyo inatokana na namna biashara yenyewe ilivyopangwa. Tajiri ananunua pikipiki, anamkabidhi kijana, na kijana analeta hesabu ya kila siku au anaingia mkataba wa kulipa hadi chombo kiwe chake. Mafuta ni juu ya dereva. Matengenezo madogo, kwa kawaida, nayo ni juu ya dereva, ilhali yale makubwa ni ya tajiri. Kwa mtazamo wa haraka mpango huo ni mzuri kwa mwenye mtaji, kwa maana hesabu yake haipandi wala haishuki na bei ya petroli. Kasoro yake ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wawili hao mwenye sababu ya kuitunza injini ili ile mafuta kidogo. Tajiri haoni kwa nini anunue chujio jipya la hewa wakati petroli si yake. Dereva wa hesabu naye haoni kwa nini atumie fedha yake ya chakula kutengeneza chombo ambacho kesho kinaweza kupewa mwingine.

Tarakimu ndizo zinazoonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwekezaji achukue mfano wa pikipiki ya 150cc inayotembea kilomita 120 kwa siku, na petroli ihesabiwe kwa Sh. 3,000 kwa lita ili kurahisisha. Ikiwa inakwenda kilomita 45 kwa lita, dereva atatumia Sh. 8,000 kwa siku. Ikiwa imechoka na inakwenda kilomita 35, atatumia karibu Sh. 10,300. Tofauti ni takriban Sh. 2,300 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu Sh. 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinazidi Sh. 700,000. Hesabu ikiwa Sh. 8,000 kwa siku, basi kinachopotea kwenye bomba la moshi ni zaidi ya robo ya kile anachopokea tajiri.

Swali la kujiuliza ni nani hasa anayelipa fedha hiyo. Mwanzo ni dereva. Lakini dereva hana benki. Siku ikiwa mbaya, kinachokatwa kwanza si petroli, kwa kuwa bila petroli hakuna kazi. Kinachokatwa ni hesabu. "Bosi, leo nina elfu tano" ni sentensi ambayo kila mwenye pikipiki ya mkataba ameisikia, na mara nyingi huichukulia kuwa ni ujanja. Ujanja upo, hakuna anayebisha. Ila kabla ya kumnyang'anya kijana funguo, ingefaa mwenye mali apime kwanza chombo chake kinakula kiasi gani.

Kupima hakuhitaji fundi. Tangi linajazwa hadi juu, namba ya kilomita inaandikwa, pikipiki inafanya kazi ya siku mbili au tatu, kisha tangi linajazwa tena hadi pale pale kwenye kituo kile kile. Kilomita zilizotembea zinagawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za mitaani zinatembea huku waya wa kilomita umekatika zamani, na hakuna anayejali kuurudisha. Mtu anayeendesha biashara ya usafiri bila kujua kilomita ni sawa na muuza unga asiye na mizani.

Kuhusu chombo chenyewe, mambo yanayokula petroli yanajulikana na mengi ni ya bei nafuu. La kwanza ni chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Barabara za ndani za Chamazi, Toangoma, Mbweni na Boko ni mchanga na vumbi. Chujio likiziba, injini yenye kabureta inavuta petroli nyingi kuliko hewa na sehemu ya petroli hiyo inatoka bila kuungua vizuri. Ushahidi huonekana kwenye plagi: ikifunguliwa na kukutwa nyeusi yenye masizi, mchanganyiko una petroli nyingi, ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni salama, ikiwa nyeupe, injini inapata petroli pungufu na inachemka.

Hili la mwisho linafaa kusemwa kwa msisitizo, kwa sababu kuna mafundi wa chini ya mti wanaouza "dawa ya mafuta", yaani kubadilisha jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, na kuweka ndogo zaidi. Ni kweli petroli hupungua kwa siku za mwanzo. Lakini petroli inapopungua kupita kiasi injini hupata joto kali, na mwisho wake ni pistoni au vali kuungua. Bili hiyo sasa si ya dereva. Ni ya tajiri, na inaweza kumeza hesabu ya wiki kadhaa. Mkataba unaomwachia dereva petroli yote na kumwachia mwenye mali injini yote ndio hasa unaomfanya dereva aende kwa fundi huyo.

Upepo wa matairi nao unachangia. Wapo madereva wanaopunguza upepo makusudi ili wasizame kwenye mchanga, halafu wanapanda na matairi hayo laini kwenye lami ya Barabara ya Kilwa mchana kutwa. Mnyororo mkavu, breki zinazogusa muda wote na klachi inayoteleza ni wezi wa aina hiyo hiyo. Fundi yeyote wa kijiweni anavijua na havihitaji maelezo marefu.

Mwendo ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Nguvu ya upepo unaoikinza pikipiki hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, upinzani huo unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Dereva aliyekaa wima na abiria nyuma yake, wote wamepanua mabega, ni ukuta unaosukumwa hewani. Kubadilisha gia mapema, kuvuta mafuta polepole na kuachia kabla ya kufika kwenye taa badala ya kukimbilia breki huokoa petroli bila kununua spea yoyote. Kuzima injini kwenye mteremko, mtindo unaoonekana sana Salasala, ni suala jingine. Kiasi kinachookolewa ni kidogo, na anayefanya hivyo anajinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo huku amebeba roho ya mtu.

Hapa ndipo panapostahili neno kwa wale wanaovutiwa na pikipiki zenye umbo la mbio. Vijana wanazipenda na zinapendeza kijiweni. Umbo lao hukata upepo vizuri pale tu mwendeshaji anapolala juu ya tangi, jambo lisilowezekana akiwa na abiria na mfuko wa mchele. Injini zake hutoa nguvu kwenye mizunguko mingi, hivyo kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala Rangi Tatu zinafanya kazi mahali zisipopaswa. Zile kubwa za 1000cc, ambazo wenye uwezo huzitoa mwisho wa wiki, hupata kilomita 15 hadi 20 kwa lita, kiasi cha gari dogo. Kama starehe hakuna ubaya. Kama mtaji wa kuleta hesabu, hapana.

Petroli yenyewe nayo inahitaji jicho. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh. 52 hadi Sh. 400.30 kwa lita ili kuua faida ya uchakachuaji. Hatua hizo zilihusu vituo. Hazikugusa chupa za maji zilizojazwa petroli na kupangwa kwenye meza pembeni mwa njia za pembezoni. Pampu ya kituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Chupa haina mkaguzi. Dereva anayenunua hapo kila asubuhi kwa sababu hana fedha ya kujaza tangi analipa zaidi kwa kipimo asichokijua, na tajiri anayedai hesabu jioni yote bila kumwachia hata ya petroli ya kesho ndiye anayempeleka huko.

Dawa inayopendekezwa hapa ni ya mkataba kabla ya kuwa ya spana. Mwenye mali abebe chujio, plagi, oili na waya wa kilomita kwa ratiba inayojulikana, na vipimo vya tangi vifanyike mara moja kwa mwezi mbele ya wote wawili. Chombo kikishuka chini ya kiwango walichokubaliana bila kosa la dereva, hesabu ya siku za matengenezo isidaiwe. Kikibaki juu ya kiwango, dereva abaki na akiba yake yote, na tajiri asiitumie kuwa kisingizio cha kupandisha hesabu. Sharti hilo la mwisho litawauma wengi, lakini bila hilo hakuna dereva atakayetoa namba ya kweli.

Wanaonunua pikipiki zilizotumika wanaweza kuanza na kipimo hicho hicho kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa tangi lijazwe na chombo kitembee kwa siku moja, bei aliyotaja ishushwe, au mnunuzi aende kijiwe kingine.