Mashindano ya Pikipiki na Ugomvi wa Sheria

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu niseme neno juu ya vijana wetu wa pikipiki ambao, wakiisha kushindana katika njia ya udongo itokayo Kasongo kwenda Kabambare, hubaki wakigombana hata magharibi, huyu akidai mwenziwe aliondoka kabla ya filimbi, yule akishuku kuwa silinda ya mshindi imebadilishwa kwa siri, na kutaka ifunguliwe pale pale barabarani kwa spana ya kuazima.

Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliikabili fitina ya namna hii zamani. Mashindano yao ya magari, Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, mwanzoni yalikuwa ya watu wa ridhaa, na waandalizi waliyagawa magari katika mafungu kwa kadiri ya bei zake, jambo lililomkinga mwenye gari hafifu asidhulumiwe na tajiri. Hata leo, kwa kanuni za kimataifa za mashindano ya magari na pikipiki, mwenye malalamiko huyaandika na kuweka ada, ambayo hurudishiwa akithibitika kuwa ana haki. Dawa kali hiyo, na kwa rai yangu ndiyo tunayoihitaji, maana kwetu mdomo hautozwi kitu.

Basi nawasihi wasimamizi wa michezo wa Kasongo na Kabambare waandike sheria kabla ya mashindano yajayo, wala waamuzi wasiwe jamaa za washindani.

Wako mtiifu,
Msomaji, Kasongo